Bega la Kulia

Lilianza mwezi wa saba, Moshi imejifunika mawingu kama mgonjwa.
Asubuhi moja mkono ukakataa kufika kwenye kamba ya kuanikia.
Nikasema, nimelalia vibaya.
Wiki ya tatu nikawa bado nimelalia vibaya.

Mimi ni msusi. Kibanda changu kipo Mbuyuni, nyuma ya wauza ndizi.
Miaka kumi na tisa mikono juu kama mtu aliyekamatwa:
twende kilioni, yeboyebo,
rasta ndogondogo zinazokula siku na nusu.
Nani angeuliza bega linapumzika lini?

Basi kila mtu akawa daktari.
Mama Eliamulika akasema ni upepo wa mlimani, umeingia mfupani,
pasha chumvi, funga kwenye kitambaa.
Nikapasha.
Muuza ndizi akaleta mafuta ya mnyonyo na kitunguu saumu;
nikanuka kama sufuria ya pilau,
wateja wawili wakahamia kwa Ndeshi.
Vidonge vya duka la dawa viliniunguza tumbo,
bega likavitazama tu.

Kisha wifi yangu Nkasori, na jani la isale mkononi:
"Ulimnyooshea nani kidole?"
Kana kwamba amesahau kuwa ni yeye,
mwaka juzi, kwenye mpaka wa kihamba.
Nikalipokea jani. Tukacheka mpaka bega likauma.
Usiku ule nililala vizuri, siwezi kudanganya,
lakini mkono haukupanda.

Maana mchana linanung'unika, usiku linahutubia.
Kugeuka kitandani
ni kugeuza lori kwenye njia ya Kibosho wakati wa masika.
Sidiria naifungia mbele, halafu naizungusha kama usukani.

Hospitali walianza na kifua.
Unabanwa? Unatoka jasho? Maumivu yanapanda hadi taya?
Hapana.
Wakaigeuza shingo huku na huku, wakauliza ganzi ya vidole.
Hakuna.
Wakanichoma, tone moja la damu,
na kile kimashine kikajua nisilolijua:
sukari.
Imekaa ndani kimya, mgeni asiyebisha hodi.
Bega ndilo lililopiga yowe.

"Limeganda," akasema Anansia, binti wa mazoezi,
mdogo kuliko viatu nilivyovaa.
"Litayeyuka. Labda mwaka, labda na zaidi.
Usilifungie ndani, wala usilivute kwa hasira."
Akanisimamisha mbele ya ukuta:
vidole viwili vitembee kwenda juu,
mpaka panapovuta, siyo panapochana.
Na wateja, akasema, wakae kwenye kigoda kifupi.
Miaka kumi na tisa, na dawa mojawapo ilikuwa kigoda.

Nyumbani mwanangu Aisaria akachukua kipande cha mkaa,
akachora mistari mitatu kwenye ukuta wa jikoni.
Mandara, usawa wa kiuno.
Horombo, usawa wa bega.
Kibo juu kabisa, karibu na msumari wa kalenda.

Baba yake alibeba mizigo ya wageni huko, miaka kumi na miwili,
kichwani, shingoni,
akirudi anakaa kitandani bila kuvua koti.
Nilidhani ni uvivu.
Nilimkanda mara chache, nikilalamikia soksi.
Sikumwuliza hata siku moja
koti lile linavuliwaje.

Mimi mlima sijawahi kuupanda.
Naupanda sasa, kwa vidole viwili,
asubuhi na jioni, birika likichemka.
Wiki sita Mandara. Kuna siku nilishuka.
Jana nimegusa Horombo.

Aisaria anataka tuendelee.
Namwambia alilokuwa akisema baba yake:
hapo wenye akili hulala siku mbili.

Nimeegemeza paji la uso ukutani.
Ukuta una baridi, chai haina sukari.
Nalala hapa.